Muulize Fundi: Mbona giza la filamu ni kijivu?

SWALI: Fundi, habari za kazi. TV yangu ni LCD ya inchi 43. Usiku tukizima taa ya sebuleni, sehemu za giza kwenye filamu zinaonekana kijivu. Mwanangu alishusha braitinesi, nywele na nguo nyeusi zikawa doa moja. Muuzaji mmoja hapa mjini ananishauri ninunue yenye taa za nyuma zinazojipunguza zenyewe. Ni kweli, au ni maneno ya dukani?
– Mama wa Sakina, Arusha

JIBU: Mama, ni kweli, ila maneno hayo huuzwa hata pale yasipohusika.

Kioo cha LCD hakiwaki chenyewe. Nyuma yake kuna taa za LED, na tabaka la fuwele kimiminika ndilo linaloziba au kuruhusu mwanga. Hata likiziba kabisa, mwanga hupenya kidogo, kama jua la saa saba kwenye pazia.

Chukua kioo chenye uwiano wa weupe kwa weusi wa 1,000 kwa 1. Weupe ukiwa kandela 300 kwa mita ya mraba (ndicho kipimo cha mwangaza wa kioo), weusi ni 0.3, na gizani jicho linauona. Sasa gawanya taa kwa maeneo. Tuseme picha ni ya usiku wenye mwezi: zile za nyuma ya anga jeusi zikishushwa hadi sehemu moja ya kumi, weusi unakuwa 0.03, huku mwezi upande wa pili ukibaki na 300 zake. Umepata 10,000 kwa 1 kwa kioo kilekile.

Kwa hiyo muulize muuzaji taa ziko wapi. Zikiwa pembeni mwa fremu tu, hupungua kwa mikanda mipana au zote kwa pamoja, na mwezi nao unafifia. Zikitandazwa nyuma nzima kwa maeneo mengi, hapo kuna mali. Mwambie aweke picha nyeusi yenye maandishi meupe. Ukiona ukungu mpana umezunguka herufi, maeneo ni machache. Wala asikuonyeshee mlangoni kwenye jua. Hapo mwanga unaoakisiwa na kioo humeza weusi wa TV yoyote.

Lakini kabla hujatoa hela: kijana aligusa sipo. Kwenye TV nyingi braitinesi hubadili kiwango cha weusi, si taa. Irudishe ilipokuwa, tafuta bakilaiti, yaani mwanga wa taa za nyuma, hiyo ndiyo ya kushusha usiku. Kisha weka taa ndogo nyuma ya TV imulike ukuta. Kijivu hakitakusumbua sana. Na kama mnaangalia zaidi mchana, mapazia wazi, hiyo ya dukani iache hukohuko.