Saa ya Amiga inasahau tarehe

Swali: Nimebadilisha chipu ya saa kwenye kadi ya Amiga 500 yangu (kompyuta ya zamani). Nikiizima, tarehe inapotea. Je, chipu mpya ni mbovu?

Jibu: Usiilaumu bado, ndugu yangu. Ukishaweka tarehe, andika amri SetClock save, inayohifadhi tarehe kwenye chipu. Bila hiyo chipu haipokei kitu. Kwa Workbench 1.3 (toleo la mfumo wa Amiga), hakikisha SetClock load, inayosoma tarehe kutoka kwenye chipu, imo kwenye startup-sequence, faili la amri zinazotekelezwa kompyuta ikiwaka. Ikigoma, kagua betri. Zile za nikeli-kadimiamu huvuja na kula njia za shaba kuzunguka chipu. Naumia kila nikiona kadi nzuri imeharibika hivyo. Ing'oe betri hiyo, safisha kwa siki kidogo kisha spiriti, pima kila njia kwa mita ya umeme. Ukiweka betri ya kidonge ya CR2032, tia dayodi (kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu), maana saketi ile huchaji betri, na hiyo haichajiwi: inaweza kupasuka.