Chomoa modemu kwanza, mkuu

Mkuu, usilipie hiyo seva! Nimesoma mpango wako wa mtandao wa redio mara mbili: ripita (mtambo unaopokea sauti ya redio na kuirusha tena mbali zaidi) Moshi mjini, nyingine Boma Ng'ombe, ya tatu Arusha, zote zifungwe kwenye seva moja ya kukodi Ulaya, programu huria tupu. Halafu unauliza utumie DMR au M17, hizo mbinu mbili za redio ya kidijitali, antena gani, na leseni ya TCRA, wasimamizi wa mawasiliano nchini, inapatikanaje. Huo mchoro naujua. Niliuchora mwenyewe mwaka 2023, nahisi hata mishale tumepaka rangi moja.

Kukodi seva si neno. Mimi niliikabidhi funguo za nyumba. Mtu akibonya kitufe, ripita yangu iliuliza kwanza seva yangu iliyoko Frankfurt kama hiyo alama ya mwito, yaani jina lake la redioni, inaruhusiwa. Ikijibiwa ndiyo, ndipo inarusha. Sauti nayo ilipita hukohuko. M17 inatoa fremu moja, yaani kipande kimoja cha sauti, kila milisekunde 40, kwa hiyo salamu za asubuhi za mzee wa Sakina kwa mwenzake wa Njiro zilisafiri Ulaya vipande 25 kila sekunde, zikageuza. Na nilivyokuwa najisifu! Kila aliyenitembelea alionyeshwa ramani kwenye simu kabla hajapewa chai.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zikakatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Ripita iko juu ya paa langu Njiro, umeme upo, inawasikia wazee wote wawili vizuri kabisa, na haitoi hata kwikwi. Inasubiri ruhusa ya Frankfurt! Yule wa Sakina akanipigia kwa simu ya mkononi: "Kijana, redio yako imenuna? Ile yangu ya FM ya zamani haijawahi kuninunia." Ningepanda boda nimpelekee ujumbe kwa mkono, ningewahi.

Sasa huyo aliyenishauri. Mtaalamu wa kundi la WhatsApp, kila swali analo jibu. Aliniambia laini za simu hazikupi anwani ya IP ya umma, kwa hiyo lazima kila kitu kikae kwenye seva ya nje. Nusu ya kwanza ni kweli: mitandao ya simu huwarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja, ukiwa nje huwezi kuifikia ripita yako. Nusu ya pili ndiyo iliyonila dola 144 za mwaka mzima, nilizolipa kwa mkupuo, pamoja na miezi mitano ya kuandika upya programu usiku, mke wangu akiamini nina mchepuko anaitwa Frankfurt. Baadaye ndiyo nagundua bwana mkubwa hajawahi kumiliki ripita hata moja. Hata ya mbao.

Siku hizi ripita inajiamulia. Orodha ya alama za mwito inakaa ndani yake, inarusha papo hapo, halafu seva inapewa nakala kama inapatikana. Isipopatikana, shauri yake. Hapo M17 ilinibeba, maana alama ya mwito inasafiri ndani ya mawimbi yenyewe. DMR kwa kawaida inakutambulisha kwa namba, utafute orodha ya kujua ni ya nani. Na kodeki ya M17, ile programu ya kubana sauti iitwayo Codec 2, ni huria kweli, wakati ile ya AMBE iliyozoeleka kwenye DMR ina wenyewe.

Kwa hiyo siku ya majaribio, kabla hujaita wageni, chomoa modemu. Redio mbili za mkononi, ripita moja, intaneti hakuna. Hazisikilizani? Usiguse kitu kingine. Zikisikilizana, leta ripita ya Boma Ng'ombe, uziunganishe zenyewe kwa zenyewe kwa redio, uchome tena. Samahani, uchomoe, usichome. Ingawa yangu nilikaribia kuichoma.

Ile seva bado ipo. Niliweka kadi ya benki ijilipie yenyewe, nenosiri nikalisahau, mwaka ulipoisha ikajikatia dola 144 nyingine.