Mama Kocha Anajibu: Senta mfupi aliyeshinda Ulaya mara nne

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: Wamarekani wanaocheza kikapu nje ya kwao ni akina nani, wanaishije, na vijana wetu wana cha kujifunza kwao? Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mtu niliyemtaja humo ninampenda sana.

*

*Shikamoo Mama Kocha. Hapa kijiweni tunabishana. Wenzangu wanasema Mmarekani ukimwona anacheza Ulaya ujue kakwama, NBA imemkataa, anatafuta hela ya kula tu. Mimi nasema hapana, ila sina mfano wa kuwafunga midomo. Nisaidie. – Msomaji, Nyegezi, Mwanza*

Marahaba mwanangu. Tuanze na hesabu. NBA ina timu 30, na kila timu ina nafasi 15 za mkataba kamili. Hiyo ni nafasi 450 kwa dunia nzima. Marekani peke yake ina vyuo zaidi ya 350 vinavyocheza daraja la kwanza, na kila mwaka vinatoa vijana waliocheza miaka minne mfululizo. Drafti, yaani siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya, huchukua takriban 60, na humo wamo Waserbia, Wafaransa na Waaustralia. Wanaobaki wengi mno ni wachezaji wazuri kweli kweli. Kusema wote wamekwama ni kuwaonea.

Mfano unaoutaka ni Kyle Hines. Kazaliwa 1986, kakulia New Jersey, kasoma UNC Greensboro, chuo ambacho hata Wamarekani wengi hawakifuatilii kwenye kikapu. Alimaliza pale akiwa na pointi zaidi ya 2,000, ribaundi (mipira iliyokosa kikapu akaiokota) zaidi ya 1,000 na mitupo ya wapinzani zaidi ya 300 aliyoizuia. Waliofikisha hayo matatu kwa pamoja katika historia ya vyuo vya Marekani ni wachache sana. Drafti ya 2008 ikapita bila jina lake kutajwa. Sababu inajulikana: ana futi sita na inchi sita, kama mita 1.98, na anacheza senta, nafasi ya mtu mrefu anayekaa chini ya kikapu. Masenta wengi wa NBA wanakaribia futi saba.

Sasa tazama alikokwenda. Alianzia Veroli, mji mdogo wa milimani katika mkoa wa Lazio, Italia, tena daraja la pili. Kakaa misimu miwili. 2010 akahamia Bamberg, Ujerumani, ambako timu ilichukua ligi na kombe mwaka uliofuata, na huko ndiko alikoonja EuroLeague, mashindano makubwa ya klabu za Ulaya, kwa mara ya kwanza. 2011 akaitwa na Olympiacos ya Piraeus, Ugiriki, chini ya kocha Dušan Ivković.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunoga. Fainali ya EuroLeague ya 2012 ilichezwa Istanbul dhidi ya CSKA Moscow, timu yenye pesa na majina makubwa kupita wote. Robo ya tatu Olympiacos walikuwa nyuma kwa pointi 19. Kwa kawaida watu huanza kutoka uwanjani. Wakarudi pointi mbili mbili, wakikaba kama watu wanaolinda nyumba yao. Sekunde za mwisho CSKA wanaongoza 61 kwa 60, Ramūnas Šiškauskas anapewa mitupo huru miwili, anakosa yote. Vassilis Spanoulis wa Olympiacos anakimbia na mpira, wakabaji wanamfuata, anampasia mwenzake Georgios Printezis, naye anaunyanyua kwa mkono mmoja juu ya vidole vya warefu. Ukaingia ikiwa imebaki chini ya sekunde moja. 62 kwa 61. Mwaka uliofuata, London, wakaifunga Real Madrid 100 kwa 88 na kutetea taji.

Katika nusu fainali ya huo mwaka 2013 walikuwa wamewanyuka CSKA 69 kwa 52. CSKA wakaona heri Hines awe wa kwao. Wakamchukua kiangazi hicho hicho. Lakini usidhani ilikuwa tambarare. 2014 wanatolewa nusu fainali na Maccabi Tel Aviv kwa pointi moja, 68 kwa 67, baada ya kuongoza kwa pointi nyingi. 2015, Madrid, wanaotolewa tena ni wao, safari hii na Olympiacos, timu yake ya zamani, na aliyewaua ni yule yule Spanoulis. Mtu mwingine angeondoka. Hines akabaki. 2016 Berlin wakaifunga Fenerbahçe 101 kwa 96 katika muda wa nyongeza. 2019 Vitoria-Gasteiz wakaifunga Anadolu Efes 91 kwa 83. Mataji manne ya Ulaya. Misimu saba Moscow, kisha minne Milan, ambako alichukua ubingwa wa Italia 2022, 2023 na 2024, halafu akastaafu akiwa na miaka 37. Mechi ya NBA hakucheza hata moja.

Waulize wenzako wa kijiweni: huyu kakwama wapi?

Nataka pia ujue alifanya nini hasa, maana ukiangalia pointi zake hutamwona. Siku hizi karibu kila shambulizi linaanza na skrini: mchezaji mrefu anakwenda kumkinga mwenzake mwenye mpira, wakabaji wanalazimika kubadilishana, na senta anajikuta uso kwa uso na gadi, yule mchezaji mwepesi anayeongoza mpira, wako wawili tu, uwanja wazi. Senta wa mita 2.15 hapo ni mateka. Mtafute Hines kwenye video uangalie miguu yake, usiangalie mpira. Nyonga ziko chini, kisigino hakigusani na kisigino, mikono imefunguka pembeni. Anateleza upande bila kuruka. Gadi anamdanganya kulia, anamdanganya kushoto, saa ya kutupa inakwisha, gadi anarusha mtupo mbaya. Halafu huyo huyo anageuka, anamweka mgongoni jitu la futi saba na kuokota ribaundi. Tuzo ya mkabaji bora wa EuroLeague alipewa mara tatu: 2016, 2018 na 2022. Ya mwisho alikuwa na miaka 35.

Mimi nilicheza chini ya kikapu nikiwa na futi tano na inchi nane, nikiambiwa kila msimu kwamba sifai pale. Kwa hiyo ninapoona mtu anapuuza kazi ya Hines ninaumia, nasema wazi.

*

*Mama Kocha, nina swali fupi. Je, wapo waliokuwa mastaa wa NBA kisha wakaenda nje na kufanikiwa zaidi? – Msomaji, Nakuru*

Yupo Stephon Marbury. Huyu alikuwa nyota halisi, aliitwa All-Star, mechi ya nyota wa NBA, mara mbili, 2001 na 2003, lakini mwisho wake New York ulikuwa wa ugomvi na maneno mengi magazetini. 2010 akaenda China, akaanzia timu ya mkoa wa Shanxi, akapita Foshan, kisha Beijing Ducks. Beijing haikuwahi kuwa bingwa wa ligi ya China. Akiwa nayo ikachukua 2012, 2014 na 2015. Wakamsimamishia sanamu nje ya uwanja naye bado anacheza, na baadaye serikali ikampa kibali cha ukaazi wa kudumu. Alipanda treni ya chini ya ardhi na watu, alikula wanachokula. Alipostaafu akabaki kuwa kocha huko huko. NBA hakupata taji hata moja.

*

*Habari za kazi Mama Kocha. Mdogo wangu wa kike anacheza vizuri na anaota kwenda nje. Mkataba wa huko unakuwaje? Na wasipomlipa? – Dada mkubwa, Morogoro*

Nzuri, mdogo wangu. Mikataba ya Ulaya inatofautiana na ile ya Marekani katika jambo moja kubwa: mara nyingi mshahara unaoandikwa ni ule unaoingia mkononi, kodi inabebwa na klabu. Juu yake huongezwa nyumba, pengine gari, tiketi za ndege za kwenda na kurudi, bima ya matibabu, na bonasi timu ikishinda. Mkataba mwingi ni wa msimu mmoja. Ndiyo maana unaona Mmarekani ana nchi sita katika miaka saba, na watoto wake wanabadilisha shule kila Septemba. Mkataba huanza kufanya kazi baada ya kupita vipimo vya daktari wa klabu, kwa hiyo asisherehekee kabla ya hapo.

Kulipwa ndiko kwenye mtihani. Nilipocheza msimu mmoja nje ya nchi, katika klabu ambayo siitaji, mshahara ulilipwa miezi miwili ya kwanza kisha zikaanza kauli za “wiki ijayo”. Mwenye nyumba alikuwa anagonga mlango wangu mimi, wakati kodi ilikuwa juu ya klabu. Tulikuwa na Mmarekani mmoja, gadi, mpole sana. Yeye hakugombana na mtu. Alifungua mkataba wake akatuonyesha kifungu kimoja, na baada ya miezi kadhaa yeye akalipwa. Sisi wengine hatukulipwa.

Kifungu hicho kinasema mgogoro wowote utaamuliwa na Baraza la Usuluhishi la Kikapu, linalofahamika kwa kifupi BAT, ambalo FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ililianzisha 2007 na makao yake ni Geneva, Uswisi. Msuluhishi ni mmoja, mambo yanakwenda kwa maandishi, na kwa kawaida hakuna haja ya kusafiri kwenda kusimama mbele ya mtu. Klabu ikikaidi hukumu, FIBA inaweza kuizuia kusajili wachezaji wapya, na klabu yoyote inaogopa hilo kuliko mahakama ya nyumbani kwake. Lakini BAT haiwezi kukusikiliza kama mkataba wako haukulitaja. Mdogo wako akiletewa karatasi, kitu cha kwanza atafute herufi hizo tatu.

Kwa wanawake, kwenda nje kulikuwa ndiyo riziki yenyewe kwa miaka mingi. Diana Taurasi, mmoja wa wakubwa kabisa wa Marekani, hakucheza WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, msimu wa 2015 kwa sababu klabu yake ya Urusi, UMMC Ekaterinburg, ilimlipa apumzike. Iliripotiwa kwamba Urusi alikuwa anapata kama dola milioni 1.5 kwa msimu, na nyumbani kama dola 107,000. Soma hizo namba mbili tena. Mwanamke bora duniani katika kazi yake alikuwa anapata sehemu ndogo tu ya riziki yake nchini mwake. Mmarekani mwenzake Brittney Griner alikuwa anarudi kwenye klabu hiyo hiyo alipokamatwa uwanja wa ndege karibu na Moscow, Februari 2022, na akakaa kizuizini hadi Desemba. Nampenda mdogo wako aende, lakini aende akijua sheria za nchi anayokwenda kabla hajajua hata jina la kocha.

*

*Kocha, nimeona Wamarekani weusi wanachezea timu za taifa za Ulaya. Inaruhusiwa? – Msomaji, Kigali*

Inaruhusiwa, kwa mipaka. FIBA inaruhusu mchezaji mmoja tu aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16 katika kikosi cha timu ya taifa. Wa kukumbukwa ni J.R. Holden wa Pittsburgh, gadi wa CSKA, aliyepewa uraia wa Urusi. Fainali ya Ulaya ya 2007, Madrid, mbele ya Wahispania wenyewe, akafunga kikapu cha ushindi ikiwa imebaki kama sekunde mbili: Urusi 60, Hispania 59.

*

*Mama Kocha, mwanangu ana miaka 16, futi sita na inchi tatu. Kuna bwana anajiita wakala, anataka laki nane ili amtafutie timu Ulaya. Pia shuleni wanamweka senta, mimi naona ni mfupi kwa nafasi hiyo. – Baba mzazi, Tanga*

Kaka yangu, hiyo laki nane usiitoe. Wakala wa kweli hulipwa mchezaji akishapata kazi. Desturi ya Ulaya ni asilimia 10 ya mshahara, na mara nyingi anayelipa ni klabu. Wakala anayetambuliwa na FIBA ana leseni, na orodha yao iko wazi kwenye tovuti ya FIBA, ukikosa jina lake humo mazungumzo yameisha. Tena mwambie huyo bwana akueleze hivi: kanuni za FIBA haziruhusu mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18, isipokuwa kwa hali maalumu. Mwanao ana 16. Hali yake maalumu ni ipi? Ngoja usikie atakavyojibu.

Kuhusu usenta, waache wamweke hapo mechi, ila mazoezini aombe kuwakaba magadi. Kila siku, dakika kumi, mmoja kwa mmoja kutoka katikati ya uwanja, mikono akiwa ameifunga mgongoni ili miguu ndiyo ifanye kazi. Wiki za mwanzo watampita watakavyo na mapaja yatamuuma. Umpikie vizuri, asile chipsi za barabarani usiku wa kuamkia mechi, na akifika 18 niandikie tena tuzungumze habari za timu.