Samaki na mimea ndani ya banda la kioo: ukungu, mistari myeusi na majani ya kijani kibovu

Ndugu, umeuliza kwa nini picha zako za lile banda la mimea hapa Malindi zinatoka na ukungu, samaki wana mistari myeusi, na majani yote yana kijani kibovu. Ni matatizo matatu mbalimbali, na hakuna hata moja linalotibika kwa kununua kamera mpya.

Ukungu kwanza. Kamera iliyolala kwenye kiyoyozi ina lenzi baridi, na mvuke wa bandani unatua juu yake kama unavyotua kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Usifute. Mvuke utarudi, na chumvi ya upepo wa bahari iliyokauka juu ya lenzi itaikwaruza. Kabla ya kutoka kwenye baridi, tia kamera katika mfuko wa plastiki, ufunge kabisa, uiache humo dakika 20 hadi 30 nje ya baridi. Mvuke utatua juu ya mfuko.

Mistari myeusi inatokana na taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za LED za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga) ya 1/500 ya sekunde inainasa taa ikiwa imefifia. Kwa 1/100 au 1/50 mistari hupotea, lakini gapi, yule samaki mdogo wa tangini, hatulii kiasi hicho. Yeye anataka 1/250 au zaidi. Mwombe mtunzaji azime taa ya tangi, upige kwa mwanga wa paa: tundu la lenzi f/4 au f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1600 hadi 3200. Chembechembe za ISO kubwa zinavumilika, samaki aliyetikisika havumiliki.

Kioo cha tangi ndicho kinachoharibu picha nyingi kuliko yote. Kifute upande wa nje, kisha elekeza lenzi wima kwa kioo, si kimshazari: ukiinamisha, mwanga unapindwa na kioo pamoja na maji, ukali unapotea na kingo za samaki zinaingia rangi. Ivike lenzi pete ya mpira, uigusishe na kioo. Kama lenzi yako haioni cha karibu hivyo, rudi nyuma ukiwa umeipitisha kwenye tundu la kitambaa cheusi. Buibui au shati jeusi linafaa. Kanzu nyeupe itajaa kioo kizima. Usimfukuze samaki kwa fokasi (mahali picha inapokuwa kali). Iweke kwa mkono kama shubiri moja nyuma ya kioo, ungoje jicho lipite hapo. Samaki wa nyuma kabisa mwache, maji yaliyo kati yenu yana taka nyingi mno. Kwa simu tumia lenzi kuu, na ushikilie kidole juu ya skrini mpaka fokasi ifunge.

Chujio la polaraizi, kile kioo cha kuvisha lenzi ili kuondoa mng'ao, halisaidii kitu ukiwa umekielekea kioo wima. Kazi yake iko kwenye kidimbwi: simama hadi lenzi itazame maji kwa nyuzi kama 37 kutoka usawa wa maji, uzungushe pete mpaka mng'ao uondoke na samaki waonekane chini ya majani. Linakula mwanga wa stopu 1.5 hadi 2 (kila stopu moja hupunguza mwanga kwa nusu), kwa hiyo pandisha ISO. Ukipiga kupitia ukuta wa plastiki nalo, utaona upinde wa mvua; livue.

Kijani kibovu ni mwanga uliopita kwenye neti na majani ya juu. Weka karatasi nyeupe palepale lilipo ua, upime weupe (white balance ya kamera) hapo, na upime tena kila unapohama. Malindi iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta: adhuhuri jua linakaribia utosi, majani yanawaka meupe na chini yake kunakuwa giza. Saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi ndiyo saa yake, kusi halijaanza kutikisa majani, na yungiyungi la buluu linafunguka, alasiri hufumba. Kwa maua tumia tripodi na f/8 hadi f/11. Kuanzia f/16 picha nzima inapoteza ukali.

Flashi ya juu ya kamera itarudi kama doa jeupe. Ukiruhusiwa, iweke juu ya tangi ikitazama chini. Ukikatazwa usiipige kwa siri: samaki walioshtuka hujibana kwenye pembe na hawatoki upesi.