Kukata mtutu wa kaliba 12

Yaya, umeuliza kama kukata mtutu wa bunduki ya marisau (vipande vidogo vingi vya risasi) ya kaliba 12 uliyorithi kwa mjomba kutaifanya iwe nyepesi porini na "ipige kwa nguvu zaidi", kama ulivyoambiwa hapo Lubumbashi. Nyepesi, ndiyo. Nguvu, hapana.

Baruti ya kaliba 12 huungua karibu yote mapema, kwa hiyo kasi ya marisau hupungua kidogo tu. Hasara kubwa iko mdomoni. Tundu lina milimita 18.5 hivi, na kwenye mitutu mingi ya kuwindia hubanwa karibu na mwisho, pengine kwa milimita 1 nzima. Karibu unene wa ukucha tu! Mbano huo ndio unaoshika marisau pamoja. Ukiukata, kanga aliye mita 35 anaweza kupita katikati bila unyoya kuguswa. Mlio nao unazidi, moto unatoka karibu na uso wako, na bunduki inarusha bega zaidi kwa kuwa imepungua uzito.

Bunduki inayorusha risasi moja badala ya marisau ndiyo hupoteza kasi hasa: mita 7 hadi 15 kwa sekunde kwa kila sentimita 2.5.

Isitoshe, askari akiona mtutu uliokatwa hafikirii kanga. Marekani wameubana kwa sheria tangu 1934. Kama uzito unakusumbua, badilisha mkanda wa begani, na karatasi za urithi zitengeneze kwanza.