Utajuaje kama una ubaguzi wa rangi?

Dada, umeuliza utajuaje kama una ubaguzi wakati humchukii mtu yeyote. Usitafute chuki. Angalia unavyohesabu makosa. Mwenye duka Mganda akikupunja pale Kikuubo, mtaa wa maduka Kampala, unasema yule bwana ni mwizi. Akikupunja Mhindi, unasema Wahindi ndivyo walivyo. Kosa ni lile lile, lakini huyu umemhukumu peke yake, yule umemhukumu pamoja na watu wake wote. Ubaguzi unakaa hapo, na wengi wetu Uganda tunao.

Ubaguzi huu una chanzo. Chini ya Waingereza, viwanda vya kuchambua pamba vilikuwa karibu vyote mikononi mwa Waasia na Wazungu, Mwafrika akabaki na jembe. Hasira ya Waafrika ilikuwa na sababu. Ila mwaka 1972 Idi Amin aliigeuza kuwa amri: siku 90 Waasia wawe wameondoka, wakiwemo waliozaliwa hapa hapa. Na Aprili 2007, katika maandamano ya kuutetea msitu wa Mabira, Mhindi mmoja alipigwa mawe hadi kufa Kampala. Kilichomponza ni rangi yake.

Kuna upande ambao watu huusahau. Mzungu akiingia ofisini, nani anahudumiwa kwanza? Ukimpisha kwenye foleni bila kuombwa, huo nao ni ubaguzi, safari hii dhidi yako mwenyewe.

Kwa hiyo kabla hujamhukumu mtu, jiulize: angekuwa jirani yangu wa Masaka, ningesema hivi hivi?