Wanafunzi, kozi na ukurasa unaochelewa

SWALI: Programu yangu ya wavuti inatumia Django (mfumo wa Python wa kutengeneza tovuti) na kanzidata ya PostgreSQL. Mwanafunzi husoma kozi nyingi, na kozi huwa na wanafunzi wengi. Ukurasa wa wanafunzi 50 na kozi zao unafunguka polepole mno. Ninunue seva kubwa zaidi?

JIBU: Seva iache kwanza. Kwa dalili hizo, karibu kila mara tatizo ni kuita mwanafunzi.kozi.all() ndani ya mzunguko (loop) unaopitia mwanafunzi mmoja mmoja. Swali moja kwa kanzidata (query) linaleta wanafunzi 50, kisha kila mwanafunzi anazua la kwake: jumla 51. Kila moja ni jepesi, ila safari za kwenda na kurudi kwenye kanzidata ndizo zinazokula muda.

Andika Mwanafunzi.objects.prefetch_related("kozi"), inayoleta kozi za wanafunzi wote kwa pamoja. Maswali yatakuwa mawili tu, wanafunzi wawe 50 au 500. Usitumie select_related, amri inayofanana nayo, hapa. Hiyo ni ya uhusiano ambao upande wa pili una kitu kimoja. Jihadhari pia: ukiandika mwanafunzi.kozi.filter(...) ndani ya mzunguko, Django haitumii kozi ilizokwisha kuleta, inauliza upya kwa kila mwanafunzi, na jumla inakuwa 52. Chujio liweke mapema, ndani ya Prefetch("kozi", queryset=...).

Sasa tazama jedwali la kiungo, lile linalohifadhi jozi za mwanafunzi na kozi. Likitengenezwa na Django yenyewe, indeksi (faharasa zinazoharakisha utafutaji) zipo. Ukiliunda kwa mkono kwa SQL, kumbuka PostgreSQL haiwekei ufunguo wa kigeni (safuwima inayorejelea jedwali lingine) indeksi yenyewe. Ufunguo mkuu (utambulisho wa kipekee wa kila mstari) wa (mwanafunzi_id, kozi_id) unapata haraka kozi za mwanafunzi, lakini kwa wanafunzi wa kozi fulani ongeza indeksi ya (kozi_id, mwanafunzi_id), kwa mpangilio huo.

SWALI: Nikichuja kwa kozi__in (kozi iwe mojawapo ya orodha niliyotoa), mwanafunzi yuleyule anatokea mara mbili. Niweke distinct(), amri ya kuondoa marudio?

JIBU: Itaficha marudio, lakini kanzidata itakuwa imeshayazalisha na italazimika kuyaondoa. Anayetakiwa akiwa ni mwenye angalau kozi moja kati ya hizo, tumia Exists, sharti linalouliza tu kama kozi hiyo ipo: kila mwanafunzi anatoka mara moja. Orodha ikiwa na kozi tatu, nawe ukitaka wenye zote, kozi__in peke yake inakupa jibu lisilo sahihi. Kwenye jedwali la kiungo, chuja kozi hizo tatu, kusanya kwa mwanafunzi_id (GROUP BY), kisha bakiza wenye mistari mitatu kwa HAVING COUNT(*) = 3. Hesabu hiyo inaaminika tu ikiwa jozi ya mwanafunzi na kozi imezuiwa kujirudia, kwa hiyo hakikisha kizuizi hicho kipo kabla ya kuitumia.